UZI: Mji wetu ulivyopiga kura kubadilisha namna ya kuchagua madiwani (Portland, Oregon), vuta kiti ni mrefu

Mtoto wa Mbagala (mleta uzi)

Wadau salamu. Kwenye ule uzi wa madiwani wiki iliyopita kuna mtu aliuliza kama kuna mji wowote ambao wananchi wenyewe waliwahi kusema huu mfumo wa kuchagua madiwani hatuutaki, tunataka mwingine, na ukabadilika kweli. Nikajibu upo na mimi naishi humo. Nikaahidi nitaandika, ndo hivi sasa, nimetoka shifti ya usiku, chai ipo mezani, ntaandika kwa mafungu kwahiyo msiniharakishe.

Mji ni Portland, Oregon, magharibi ya Marekani. Watu kama laki 6 na nusu. Mimi ni wa Mbagala, huku nina miaka 14, uraia nimepata kwahiyo kura napiga. Nakaa mashariki ya mji, ukishavuka barabara ya 82 unaendelea kwenda kwenye namba kubwa. Huku eneo kubwa liliingizwa ndani ya mipaka ya mji miaka ya 80 na 90, kabla ya hapo ilikuwa nje ya mji, kwahiyo tuliingizwa na mitaa yetu ya vumbi na barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu, na sehemu nyingi mpaka leo ziko vilevile. Barabara ya Division na ile ya 122 watu wanagongwa sana. Wahamiaji tuko huku kwasababu kodi za nyumba zilikuwa nafuu: Wasomali, Wakongo, Warundi, Wavietnam, Warusi, Wamexico. Ukiingia duka la nyama unaweza kusalimiwa Kiswahili.

Sasa mfumo wa zamani ulikuwaje. Tangu 1913 mji uliongozwa na watu watano tu, meya na makamishna wanne, na wote watano walipigiwa kura na MJI MZIMA. Hakuna kata, hakuna jimbo. Chukulia Dar nzima, Ilala, Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, inachagua madiwani watano na kila mmoja lazima aombe kura kuanzia Bunju mpaka Mbagala Rangi Tatu. Nani atapita hapo? Mwenye hela za matangazo ya mji mzima na anayejulikana na wale wanaojitokeza kwa wingi kupiga kura. Huku waliokuwa wanajitokeza kwa wingi ni wa katikati na magharibi, na viti vikaenda hukohuko zaidi ya miaka 100. Mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye baraza ni Jo Ann Hardesty, mwaka 2018. 2018 jamani, sio 1918.

Watu wa mashariki walikuwa wanapiga kura, tena kura zao zilihesabiwa vizuri bila kuibiwa. Ila zilikuwa zinazama. Hilo ndo limenifanya niandike uzi huu. Sisi tukizungumzia uchaguzi tunaangalia kura zimeibiwa au hazijaibiwa, na ni haki kuangalia, ila kuna mfumo unaoweza kukumaliza hata kama kila karatasi imehesabiwa kwa uaminifu kabisa.

Na sio hilo tu. Wale makamishna ndo walikuwa pia wakuu wa idara. Meya anagawa: wewe chukua zimamoto, wewe barabara, wewe bustani. Mwanzoni mwa 2023 polisi walikuwa chini ya meya Ted Wheeler mwenyewe, zimamoto ilikuwa kwa Rene Gonzalez, barabara kwa Mingus Mapps. Mtu amechaguliwa kwasababu anaongea vizuri, kesho yake anasimamia idara ya mabomba. Na akishapewa idara anaitetea kama shamba lake, bajeti ikija kila mtu anavutia kwake.

Naendelea, naweka chai nyingine.

Bint Kariakoo

Mkuu samahani nakukatisha. Kwahiyo diwani ndo alikuwa mkurugenzi wa idara? Hiyo akili ilitoka wapi?

Mtoto wa Mbagala

@Bint Kariakoo swali zuri. Ilitoka Galveston, Texas. 1900 walipigwa na kimbunga kibaya, watu zaidi ya 6,000 walikufa, mji ukafutika karibu wote. Ili kujenga upya haraka wakaweka kamati ya watu wachache kila mmoja na idara yake, ikafanya kazi, miji mingi ya Marekani ikaiga. Yaani ni mfumo wa dharura, wa mji ulioangamia. Miji mingi baadaye ikauacha, Portland ikabaki mji mkubwa wa mwisho Marekani kuwa nao.

Sio kwamba hawakujaribu kuutoa. Uliletwa kwenye kura mara kadhaa na watu wakakataa, mara ya mwisho ilikuwa 2007 na ulikataliwa vibaya mno. Kwahiyo wanaosema wananchi hawawezi kubadili mawazo, hapa walikataa 2007, wakakubali 2022.

Kijana wa Bara

Mleta uzi fafanua hiyo "kuletwa kwenye kura". Nani analeta? Maana huku kwetu ukisema kura ya maoni watu wanadhani ni ile ya ndani ya chama ya kumpata mgombea.

Mtoto wa Mbagala

@Kijana wa Bara umenisaidia maana nilikuwa nataka kuruka hapo na hapo ndo penyewe.

Huku mji una katiba yake, katiba ya jiji. Namna madiwani wanavyochaguliwa imeandikwa humo na huwezi kuibadilisha mpaka wananchi wapige kura ya ndio au hapana. Pendekezo linapewa namba, linawekwa kwenye karatasi ileile ya kura pamoja na majina ya wagombea. Uchaguzi mmoja unaweza kukuta mapendekezo manne matano, la shule, la kodi ya maktaba, la bustani. Na Oregon kura zote zinakuja kwa posta, unaletewa bahasha nyumbani karibu wiki tatu kabla, na kunakuja kijitabu ambacho kila pendekezo limeelezwa na wanaounga mkono na wanaopinga wameandika hoja zao. Unakaa nacho mezani unasoma, unajaza, unasaini bahasha kwa nje, unarudisha kwa posta au unatumbukiza kwenye sanduku. Mimi mara ya kwanza nilikaa nacho siku nne nikiwa na kamusi pembeni.

Sasa hili pendekezo letu lilianzia wapi. Katiba ya Portland inasema kila baada ya miaka 10 hivi lazima iundwe tume ya watu 20 wakazi wa mji kuipitia katiba. Wanateuliwa na baraza, ila kuna kifungu ambacho mimi nakiona kimeshika kila kitu: tume ikikubaliana watu 15 au zaidi kati ya 20, pendekezo lao linaenda MOJA KWA MOJA kwa wananchi. Baraza haliruhusiwi kuligusa, kulipunguza wala kulizuia. Maana yake waliokalia viti hawawezi kulinda viti vyao. Juni 2022 tume ikapiga kura 17 kwa 3. Likapita, likapewa namba 26-228.

Hapo vita ikaanza. Umoja wa wafanyabiashara ukaenda mahakamani, hoja yao ilikuwa pendekezo limefungasha mambo mengi kwa mkupuo na sheria inataka jambo moja. Jaji akakataa. Kamishna Mapps akaongoza kampeni ya kulipinga, naye alikuwa anasema mfumo ubadilike ila sio hivi. Na nisiwe mnafiki, hata mimi mwanzoni niliona limefungasha kweli. Walibadilisha mambo matatu makubwa kwa ndio moja. Meya akatoka barazani, idara zikawekwa chini ya mkurugenzi wa jiji ambaye meya anamteua na baraza linamthibitisha. Baraza likawa na watu 12 badala ya watano, mji ukagawanywa majimbo 4, kila jimbo watu 3. Na kura ikawa ya kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza wa pili wa tatu mpaka wa sita.

Novemba 2022 likapita kwa kama asilimia 58.

Mwananchi Huru 254

Sema boss. Hiyo ya mkurugenzi sisi Kenya tulikuwa nayo enzi za City Council ya Nairobi, town clerk. Ikaenda na hizo councils zote 2013. Saa hii ni gavana na MCA (diwani wa kaunti), ward 1,450 nchi nzima, kila ward mtu mmoja. Swali langu ni hili: kwa nini wasiweke tu ward 12 kila moja na mtu wake? Mwananchi anajua huyu ndiye wangu, nikikosa taa nampigia. Watu watatu kwa jimbo moja kila mtu ataruka aseme muulize yule mwingine.

Mtoto wa Mbagala

@Mwananchi Huru 254 kaka hiyo ndo hoja iliyokuwa na nguvu kuliko zote, na wapinzani waliisema hivyohivyo. Jibu la tume lilikuwa kwamba Portland watu wa kabila moja hawakai sehemu moja. Weusi walisukumwa kutoka mitaa yao ya zamani ya kaskazini kwa kodi kupanda, wametawanyika. Wapangaji wametawanyika. Ukikata kata ndogo 12 hawana hata moja ambayo wao ni wengi, wanabaki walewale wa kuzama. Ila kwenye jimbo la watu 3, kundi likiwa robo tu ya wapiga kura linapata mtu wake.

Robo inatoka wapi, ngoja nieleze hesabu, maana nimeeleza hii kitu mara nyingi jikoni kwangu kuliko nilivyoeleza kitu chochote maishani.

Chukua watu 100 wamepiga kura, viti 3. Ili upite unahitaji robo na kura moja juu yake, yaani 26. Kwanini 26? Kwasababu watu watatu wakiwa na 26 kila mmoja ni 78, zimebaki 22, wa nne hawezi kufika tena. Basi.

Wagombea watano: Asha kapata namba moja za watu 40, Baraka 18, Chiku 17, Daudi 14, Eliya 11.

Asha kashapita. Ila ana kura 14 zaidi ya anazohitaji, na kwa mfumo wetu tuliozoea hizo zinapotea bure. Hapa hazipotei. Wanaangalia watu wote 40 wa Asha namba mbili waliandika nani, alafu zile 14 zinagawanywa kwa uwiano huo. Tuseme nusu waliandika Baraka nusu Chiku, kila mmoja anapata 7. Baraka 25, Chiku 24. Hakuna aliyefika 26. Sasa anatolewa wa mwisho, Eliya. Watu wake 11 hawakupoteza kura, namba mbili zao zinaanza kufanya kazi: 9 waliandika Daudi, 2 waliandika Baraka. Baraka anafika 27, kapita. Ile moja ya ziada inasogea kwa Chiku, anakuwa na 25. Daudi ana 23. Daudi ndo wa chini, anatoka, Chiku anachukua kiti cha tatu.

Daudi na watu wake watalia, sawa, ila angalia: kati ya watu 100, wengi mno wana angalau mtu mmoja barazani waliyemuandika. Kwenye ule mfumo wa zamani watu 51 wangeweza kuchukua viti vyote na 49 wasipate hata kimoja.

Bint Kariakoo

Nimesoma mara tatu nimeelewa. Kumbe kuandika namba mbili hakumuumizi namba moja wangu? Maana hapo ndo ningeogopa.

Mtoto wa Mbagala

Hakumuumizi kabisa dada. Namba mbili yako haisomwi mpaka namba moja wako awe ameshapita au ameshatolewa. Hilo swali kila mtu anauliza, na ukilijibu unaona uso wa mtu unafunguka.

Mama Riziki

Hamjambo wote. Mimi pia nakaa Portland, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu 2016, familia yetu ni ya Fizi Kongo. Nataka nisema ukweli. 2024 ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura katika maisha yangu, nina miaka 47. Kongo tulikimbia nikiwa mdogo, kambini hakuna kura ya serikali. Nilipoona ile karatasi nilitetemeka. Majina yalikuwa mengi, vizingo vidogo vidogo kama mtihani. Nilijaza rais, nilijaza yale ya juu, nikafika kwa wale wa jiji nikaogopa kuharibu yote nikaacha. Mtoto wangu aliniambia baadaye mama haungeharibu. Ninaumia mpaka leo.

Mtoto wa Mbagala

Mama Riziki shikamoo, na asante sana kwa kusema. Naomba usibebe hilo peke yako maana ni wengi sana walifanya hivyohivyo, na hili nilitaka nilifikie.

Novemba 2024 ndo uchaguzi wa kwanza kwa mfumo mpya. Wagombea wa udiwani na umeya ukijumlisha walizidi 100. Jimbo letu la kwanza, la mashariki, ndo lililokuwa na waliojitokeza wachache kuliko mengine, na hata kati ya waliorudisha karatasi wengi waliacha sehemu ya madiwani wazi. Yaani jimbo ambalo mfumo ulibadilishwa kwa sehemu kubwa kwa ajili yake ndo lilitumia kidogo. Mimi iliniuma sana. Nilikuwa nimepita milango na vikaratasi, nimeongea Kiswahili mpaka sauti imekauka, na bado.

Sababu naziona hivi. Karatasi ilikuwa ndefu na vizingo vingi, kama alivyosema mama. Watu hawakumjua mgombea hata mmoja kati ya wote wale. Maelezo yalikuja ila yalikuja kama ya shule, michoro na mishale, wakati mtu wa kwetu anaelewa ukimkalisha ukamwambia Asha na Baraka. Na watu wanafanya kazi mbili, kijitabu kinakuja kinawekwa juu ya friji.

Ila pamoja na hayo jimbo la kwanza likapata madiwani watatu ambao ni wa huku: Candace Avalos, Loretta Smith na Jamie Dunphy. Wawili ni wanawake, na hao wawili ni weusi. Avalos alikuwa mmoja wa wale 20 wa tume, hili wengine walimsema, mimi sioni kosa, alipiga kampeni kama wengine wote. Baraza zima la watu 12 likatoka wanawake 6 wanaume 6, bila kiti maalum hata kimoja. Sisemi viti maalum ni vibaya, kwetu bila vile wanawake wangekuwa wachache mno kwenye halmashauri. Nasema tu niliiona ile orodha nikakaa kimya dakika nzima.

Mkongwe wa Siasa

Kijana umeandika vizuri ila unatupamba. Nimesoma kwamba hao 12 siku ya kwanza walishindwa hata kumchagua rais wa baraza. 6 kwa 6. Namba shufwa ni kosa la mtoto wa darasa la pili. Na meya hana veto, yaani hawezi kuzuia uamuzi wa baraza. Umetoka kwenye watano wanaogombania idara umeingia kwenye kumi na wawili wanaogombania kila kitu.

Mtoto wa Mbagala

Mzee shikamoo. Ni kweli na sifichi. Januari 2025 kikao cha kwanza waligawanyika sita sita, upande mmoja Olivia Clark upande mwingine Avalos, wakapiga kura raundi baada ya raundi, raundi ya tisa ndo akapatikana Elana Pirtle-Guiney. Nilikuwa naangalia kwenye simu kazini wakati wa mapumziko, nilisikia vibaya. Hiyo namba 12 hata mimi ningeambiwa nipange ningeweka 13 au 11. Kwenye maamuzi ya kawaida meya anaweza kuvunja sare, ila kweli hana veto na kura ya kawaida hana.

Lakini mzee niambie, ule mgawanyiko wa sita kwa sita si ndo mji wenyewe ulivyo? Portland kuna watu wanataka hela nyingi ziende kwa polisi na kusafisha mitaa, na kuna wanaotaka ziende kwa nyumba na wapangaji, na kweli ni nusu kwa nusu. Zamani ugomvi huo ulikuwepo vilevile ila upande mmoja haukuwa na kiti, ulikuwa unasimama nje ya ukumbi na mabango. Mimi naona bora ugomvi uwe mezani.

Kuhusu meya, naye alipatikana kwa kura ya kupanga namba. Keith Wilson, mwenye kampuni ya malori, alikuwa hajawahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa. Aliwashinda makamishna watatu waliokuwa madarakani, Gonzalez, Mapps na Carmen Rubio. Aliingia na ahadi ya kuwatoa watu wanaolala nje. Ahadi hiyo ataulizwa.

Mkongwe wa Siasa

Marahaba. Hapo kwenye ugomvi uwe mezani nakuunga mkono. Ila nikukumbushe mifumo hii inaweza kurudishwa nyuma. Cincinnati walipiga kura za namna hii tangu 1925, weusi wakaanza kupata viti, 1957 wakaifuta. New York vilevile 1947. Mliojenga mkikaa kimya walioshindwa hawatakaa kimya.

Mtoto wa Mbagala

Nilikuwa sijataka kuigusa ila umeigusa wewe mzee, asante. Na Cambridge, Massachusetts, wao wanayo tangu 1941 na haijafa. Kwahiyo inategemea watu. Hata mwaka huohuo 2024 Oregon nzima, sio Portland peke yake, ilipigia kura pendekezo namba 117, kupanga kwa namba kwenye chaguzi za gavana na wabunge wa Marekani, likaanguka.

Kijana wa Bara

Wakuu turudi nyumbani kidogo. Mimi nikisoma hii roho inauma. Sisi Tanzania diwani wa kata tunamchagua, meya anachaguliwa na madiwani wenyewe, mkurugenzi anateuliwa na rais. Mwananchi akitaka kubadilisha hata kimoja kati ya hivyo anaanzia wapi? Kura ya maoni ya katiba ilipangwa Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Hatujawahi kupiga kura ya kubadilisha kanuni yoyote.

Mpemba Asili

Sahihisho bwana. Zanzibar tulipiga. 31 Julai 2010, kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66 walisema ndio. Mimi nilipanga foleni Chake. Baada ya yale mauaji ya 2001 kila mtu alijua anapigia nini. Kwahiyo msiseme hatujawahi, semeni Bara hamjawahi.

Kijana wa Bara

Nimekosea, nisamehe ndugu yangu. Kweli kabisa.

Mwananchi Huru 254

Na sisi tulipiga 2005 tukakataa, 2010 tukakubali. Ila sahihi milioni moja ndio uanzishe kitu kutoka kwa mwananchi, nani ako na hiyo pesa ya kuzungusha fomu? BBI yenyewe, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha katiba, Supreme Court iliizima 2022 ikasema rais sio mwananchi wa kawaida wa kuanzisha hiyo njia. Kwa mji wako pekee huwezi. Nairobi haiwezi kuamka iseme sisi tunataka MCA watatu kwa ward. Hiyo ya mji kuwa na katiba yake ndio sijawahi kufikiria.

Mtoto wa Mbagala

@Mwananchi Huru 254 umeshika hasa pale. Nilipofika huku nilikuwa naona uchaguzi ni kuchagua MTU. Yule mbaya mtoe, huyu mzuri muweke. Na kwetu tunachagua mtu, anakuja mwingine, barabara ileile ina mashimo yaleyale, tunasema watu wote ni walewale. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba unaweza kupigia kura KANUNI. Na ile tume ya watu 20 haikuletwa na hasira za mwaka ule, imeandikwa kwenye katiba kwamba itakuja tu, watake wasitake, na 15 wakikubaliana hakuna wa kuwazuia. Kwa mtu anayepigania katiba mpya nyumbani mimi ningemwambia apiganie kifungu cha namna hiyo kiingie, hata kabla ya kugombania nani awe na madaraka gani.

Na mashimo je? Mtu ataniuliza. Njia ya waenda kwa miguu mtaani kwangu bado haijajengwa. Sitadanganya. Kilichobadilika mpaka sasa ni kwamba kwenye kikao cha bajeti kuna watu watatu wanaotaja barabara ya 122 kwa jina na wanaijua kwasababu wanaipita.

Mama Riziki

Mwanangu nakuuliza kitu kimoja. Mwaka 2025 mtoto wangu mkubwa alipata nyumba, tumehamia karibu na mlima Tabor. Sasa sitapiga kura tena mpaka 2028?

Mtoto wa Mbagala

Hapana mama, umehamia jimbo la tatu. Jimbo la tatu na la nne waliochaguliwa 2024 walipewa miaka miwili tu kuanzia, ili chaguzi zipishane. La kwanza na la pili ndo 2028. Wewe unapiga Novemba 2026. Badilisha anwani yako kwenye daftari la wapiga kura mapema, ni bure, mtoto anaweza kukusaidia kwenye simu, usisubiri wiki ya mwisho.

Na karatasi ikifika usiijaze peke yako usiku. Nitumie ujumbe humu kwa faragha nitakuja na mke wangu Jumamosi, tutakaa mezani, nitaleta karatasi tupu ya mazoezi na penseli. Ukikosea ya mazoezi tunafuta tunaanza upya mpaka mkono uzoee. Hata ukipanga wawili tu kati ya sita inatosha, hata mmoja, ila ile sehemu usiiache.

Mama Riziki

Nitapika sombe na ugali. Mje na watoto.